Kuchukua na Kupiga

Jumamosi, 7 Machi

Mvua imeanza leo mchana, tukiwa chamani. Chama chetu cha wapiga picha wa kujifurahisha kinakutana stoo ya duka la rangi, katikati ya makopo, na picha zetu tunazimulika kwenye shuka jeupe lililopigiliwa misumari ukutani. Mama Rangi, mwenye duka, ametangaza mashindano ya msimu: mvua, au chochote kinachoishi na mvua. Mwisho wa kuleta picha ni tarehe 9 Mei, kura tarehe 16. Itakayoshinda itakaa kwenye jalada la kalenda yake ya mwaka ujao, ile anayowagawia wateja mpaka inatundikwa kila ofisi ya mji huu, na yetu ikiwemo.

Miaka mitatu mfululizo nimekuwa wa pili. Mwaka juzi nilishindwa na mawingu. Mawingu! Mwenzetu mmoja, dereva wa gari la wagonjwa, alisimamisha gari, akainua kamera juu, akabonyeza. Mimi nazunguka kwa miguu nyumba arobaini kwa siku nikisoma mita za maji, naona nyua za watu, naona watoto wakioga kwenye mabomba, halafu nashindwa na mawingu.

Safari hii jalada ni langu. Nimemwambia hata msimamizi wangu wa kazi, naye ameahidi kulitundika juu ya dirisha la wateja. Nimenunua daftari hili ili nikumbuke nilivyolipata.

Kanuni ni zilezile. Picha zinapewa namba, hazina majina. Picha ikijadiliwa, mwenyewe hafungui mdomo. Jina linalosomwa ni la mshindi tu. Wengine wanakufa na siri zao.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Viatu havijakauka.

Jumamosi, 14 Machi

Mke wangu ameingia chamani. Sikumkaribisha mimi. Alikwenda kununua rangi ya mlango wa bafu, Mama Rangi akamwambia njoo na wewe, naye akaja, na ile simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka ambayo nilimpa siku niliyonunua kamera.

Picha yake ilikuwa tone la maji kwenye mdomo wa bomba. Tone, basi. Lilipotokea kwenye shuka, akasahau kanuni, akasema kwa sauti, "Hiyo niliichukua leo asubuhi."

Sikuweza kujizuia. Nikamwambia, "Picha haichukuliwi, bibie. Inapigwa. Kinachochukuliwa ni mkojo, kule kwenu maabara."

Stoo nzima ilicheka. Kinyozi, mwenzetu mwingine wa chama, alicheka mpaka akashika kopo asianguke. Mke wangu ni mtu wa maabara kwenye zahanati, kutwa nzima jicho lake liko kwenye hadubini anahesabu vijidudu. Naye alicheka, kidogo. Mzee Mpimaji, mwenyekiti wetu, aliyepima viwanja vya mji huu mpaka akastaafu, ndiye peke yake ambaye hakucheka, lakini yule hata harusini hacheki.

Njiani alitembea mbele yangu. Nikamuuliza, "Umenuna?" Akasema, "Nimenuna nini? Najifunza."

Jumatano, 18 Machi

Nimepiga mbwa chini ya mkokoteni. Si mbaya. Si jalada.

Jumatano, 25 Machi

Shore wawili wanajenga kwenye mlimau ulioegemea dirisha la jikoni. Mke wangu ndiye aliyewaona. Ameacha chai ikafurika, anatazama tu. Nimemwambia shore ni ndege wa kila uani, hata kunguru ana thamani zaidi kwa mpiga picha. Akasema, "Angalia walivyochagua. Wamejificha chini ya lile tawi. Tone haliingii."

Nilitazama. Ni kweli, kuna tawi dogo limelala juu ya kiota, majani yake yamebanana. Kwa ndege ni paa. Kwa mpiga picha ni balaa, giza tupu.

Jumapili, 29 Machi

Leo nimefanya wema na nitaujutia. Mke wangu anasimama dirishani kila akipata nafasi, chakula kinaungua. Nikachukua ile simu, nikaiegemeza kwenye kopo la chumvi dirishani, nikaiwekea ijipige yenyewe kila baada ya dakika kumi, kuanzia kunapopambazuka mpaka jua linapozama. Nikaweka pia skrini ijizime ili isile chaji.

"Haya," nikamwambia, "mlinzi wako huyo. Sasa nipikie."

Alishukuru kama aliyenunuliwa gari. Kila jioni anazifungua zile picha moja moja, kuanzia ya kwanza. Nimemuuliza anatafuta nini. Anasema hajui, ndiyo maana anatazama zote.

Jumamosi, 4 Aprili

Siku mbaya.

Namba tatu ilikuwa ya shore akiwa amelalia mayai, mvua inamwagika kila upande, yeye amekaa mkavu chini ya lile tawi, jicho moja linatutazama. Stoo ilinyamaza. Mimi najua ukimya wa chama hiki. Kuna wa kuchoka na kuna huu. Huu nilikuwa sijaupata hata mara moja.

Mzee Mpimaji akasema, "Aliyepiga hii anajua kusubiri."

Nikasema jani limeziba, mwanga hautoshi, na kioo cha dirisha kinaonekana. Yote ni kweli. Kinyozi akajibu, "Mita, wewe hata peponi utauliza mwanga unaingilia wapi." Wakacheka, safari hii mimi ndiye niliyechekwa.

Mke wangu alikaa kimya kama kanuni inavyotaka. Ila masikio yake yalisimama, namjua.

Kijicho kibaya. Kinanikaa hapa kifuani tangu jioni. Simu ni yangu. Dirisha ni langu. Mlimau nilipanda mimi.

Jumanne, 7 Aprili

Chaja ya simu imechomoka. Kwa bahati mbaya. Bahati mbaya yenye vidole vyangu.

Jumatano, 8 Aprili

Ameichomeka tena. Hakuuliza.

Jumamosi, 11 Aprili

Nilipeleka watoto wanaocheza chini ya mfereji wa bati. Mzee Mpimaji: "Hii tuliiona mwaka jana." Hatukuiona mwaka jana! Mwaka jana walikuwa watoto wengine!

Nilirudi nyumbani nikasema mchuzi una chumvi. Haukuwa na chumvi. Mke wangu akaniongezea maji kwenye sahani, nikanywa ile supu mpya hadi mwisho kwa sababu ningefanya nini.

Jumatano, 15 Aprili

Yameanguliwa. Alinivuta mkono nikiwa nimepaka sabuni usoni, nikaenda dirishani nachuruzika. Makinda matatu, ngozi tupu, midomo myekundu ndani kama mtu aliyetafuna rangi. Aliushika mkono wangu muda wote tukitazama. Nadhani ni miaka mingi hajaushika hivyo. Nilifurahi, nasema kweli.

Halafu nikawaza: midomo mitatu myekundu, jua kidogo juu yake, matone. Hilo ndilo jalada.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimejaribu kutoka nje. Giza. Nimejaribu ndani. Giza na kioo. Lile tawi.

Jumapili, 19 Aprili

Nimemwambia tulipinde tawi kidogo kwa kamba, saa moja tu. Akasema, "Ukiligusa tu, watakufa. Manyoya bado hawana." Alivyosema, ungedhani yeye ndiye aliyewazaa. Nikamwambia siligusi tawi lako, kaa nalo.

Jumanne, 21 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa. Daftari hili halina msomaji.

Nilirudi nyumbani mchana kubadili viatu. Yeye alikuwa kazini. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka, lile jua kali la katikati ya mvua mbili, ambalo huwezi kulipata ukiliomba. Nikatazama dirishani. Mwanga ulifika mpaka kwenye lile tawi, ukaishia hapo.

Kwanza niliitazama simu yake kwenye kopo la chumvi. Skrini nyeusi. Chaji imekwisha, nikasema, afadhali.

Nikatoka na stuli na mkasi wa jikoni. Nilikuwa bado na koti la mvua la kazini, nikashusha kofia yake kwa sababu inaziba jicho nikiinua kamera. Miiba ya mlimau ilinichana mkono kutoka kiwiko hadi kidole, nilidhani inafanya makusudi. Nilikata tawi. Halafu nikakata na jingine lililokuwa nyuma yake, maana ukishaanza. Nikayatupa kule ng'ambo ya ukuta.

Mwanga uliingia wote. Makinda yakadhani mama amerudi, yakainua shingo, midomo mitatu wazi. Mama mwenyewe alikuwa juu ya waya anapiga kelele. Nikapiga. Nikapiga picha thelathini na kitu.

Ndipo mvua ikarudi, bila hata kunguruma. Nilikimbilia ndani. Nikasimama jikoni na taulo, nawatazama wanapigwa na matone. Midomo bado ilikuwa wazi. Mwavuli ulikuwa nyuma ya mlango. Kulikuwa na sufuria, kulikuwa na kifuniko cha ndoo, ningeweza kufunika kwa chochote.

Nilichukua kamera nikatoka tena.

Ile ya mwisho ndiyo. Matone yamesimama hewani, shingo tatu zimenyooka, wekundu ule, na nyuma kijani kilichoiva.  Najua wema na ubaya, sikusahau wakati ule. Nilijua, na nikafurahi.

Nikabadili viatu, nikarudi kazini.

Jumatano, 22 Aprili

Mawili yalikuwa yamekufa asubuhi. La tatu lilikufa kabla ya chai.

Mke wangu aliniita, "Njoo uone." Alikuwa amesimama kwenye stuli ileile.

"Tawi limekwenda wapi?"

"Upepo," nikasema. "Jana ulivuma sana."

Alishika pale palipokatwa, akapitisha kidole gumba juu yake mara mbili. Panapovunjwa na upepo pana nyuzi. Pale palikuwa laini.

"Ndio," akasema. "Upepo."

Akashuka. Akautazama mkono wangu. "Na huo?"

"Kisanduku cha mita. Bati."

"Kaa hapo." Akaleta spiriti na pamba za kazini, akanisafisha mchubuko mmoja mmoja, kuanzia juu, taratibu, huku akipuliza. Iliuma vibaya sana. Kwa mara ya kwanza niliona kuwa anaifahamu kazi yake.

Ijumaa, 24 Aprili

Jana na leo anafungua zile picha za simu. Karibu elfu mbili, zinazofanana. Nimemwambia maombolezo ya ndege nayo yana kikomo. Akasema, "Bado nahesabu."

Jumamosi, 25 Aprili

Hakuleta picha chamani. Kinyozi akauliza, "Shemeji vipi, simu imeharibika?" Akasema, "Hapana, nachagua." Nami nilipata sifa kidogo kwa yule mbwa wa mkokoteni. Taratibu mambo yananinyookea.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua, mvua. Mita ishirini na mbili zimefunikwa na matope. Nguvu za mwili huu zimekwisha, nimechoka.

Jumamosi, 2 Mei

Leo baada ya chakula aliniuliza, kwa upole, kama mwanafunzi, "Mtu akiwa na picha nyingi, anachaguaje moja?"

Niliguswa. Nikamweleza kama nilivyofundishwa na miaka. Nikamwambia usitafute nzuri, nzuri zimejaa. Futa zile ambazo ukizitazama hupati kitu. Endelea kufuta. Itakayobaki ni ile inayokuuma, ambayo usingependa kuitazama mara mbili. Hiyo ndiyo yako, ipeleke.

"Hata kama haijakaa sawa?"

"Hata kama imekaa upande. Inayouma inasamehewa."

Akasema ahsante. Akaongeza, "Wewe ni mwalimu mzuri, sema tu una haraka."

Nimelala mchana kwa raha.

Jumamosi, 9 Mei

Nimepeleka flashi yangu, ndani yake picha moja, ile ya mwisho. Mke wangu amepeleka yake pia, dakika za mwisho kabisa, Mama Rangi akiwa tayari ameshika kufuli. Nimemuuliza ni ya shore? Akasema, "Shore wamo." Nikamtakia heri. Maskini, nikasema moyoni, ataniletea yule wa jicho moja, awe wa pili badala yangu.

Jumatano, 13 Mei

Msimamizi ameuliza jalada vipi. Nikamwambia aandae msumari.

Jumamosi, 16 Mei

Naandika nikiwa nimekaa kwenye beseni la kufulia lililogeuzwa, uani, kwa sababu sitaki kuingia ndani.

Tulikuwa wote tisa. Shuka lilikuwa limepigwa pasi kwa heshima ya siku. Picha za kwanza tano zilipita, mawingu yakiwamo. Halafu Mama Rangi akasema, "Namba sita."

Makinda yangu yakajaa ukuta mzima. Nikasikia ule ukimya. Ukimya huu! Miaka yote nimeungoja, ukanifika, nikainamisha kichwa nisionekane ninavyocheka.

"Yesu na Maria," akasema dereva. "Hayo matone."

"Yanaomba chakula," akasema Mama Rangi. "Tazama imani hiyo."

Mke wangu akainua mkono. Mwenyekiti akampa nafasi. "Samahani," akasema, "mimi ni mgeni kwenye picha. Ila kinda likiomba chakula shingo inatikisika, na macho yanafumba na kufumbua. Haya yamekakamaa. Hii si njaa. Hii ni baridi."

Watu wakasogea mbele kutazama. Mzee Mpimaji akavaa miwani yake ya pili juu ya ile ya kwanza. "Na mwanga?" akauliza. "Hawa ndege hawajengi mahali peupe. Mwanga huu wote umeingia vipi?"

Mimi mdomo umefungwa na kanuni. 

"Tuendelee," akasema Mama Rangi. "Namba saba, ya mwisho."

Nilimtambua mtu yule kabla sijamwona. Ni picha iliyopigwa kutoka ndani, kupitia kioo chenye matone, imekaa upande kidogo, na pembeni kuna kipande cha kopo la chumvi. Nje, mwanamume yuko juu ya stuli, ametupa mgongo. Koti la mvua la njano. Mkono mmoja umeinua mkasi, mwingine unavuta tawi, na tawi limekatika na bado halijaanguka. Chini yake midomo mitatu imefunguka kuelekea mkononi mwake. Juu kushoto, mbele ya wingu jeusi, mama yao yuko hewani, mabawa wazi.

Katika dakika kumi kuna nafasi moja tu ya picha ile, na simu iliipata. Mimi ndiye niliyeiwekea skrini ijizime, na siku ile nikadhani chaji imekwisha.

 Kisha dereva akatukana tusi ambalo sitaliandika.

"Hilo koti kama la watu wa maji," akasema Mama Rangi.

Nikajibu haraka, "Makoti hayo yanauzwa kila duka."

"Kwa hiyo ndiye aliyepiga namba sita," akasema Mzee Mpimaji, polepole, anapima. "Amefungua kiota ili apate mwanga. Halafu akasimama akapiga wakati wanakufa. Na yupo humu."

Tisa tukatazamana. Hapo nilifanya jambo ambalo nikilikumbuka natamani kujimwagia maji ya moto. Niliona kuwa atakayenyamaza ndiye atakayeshukiwa. Nikasimama. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko wote, "Mtu kama huyo si mpiga picha. Ni mchinjaji. Hana roho. Akijulikana afukuzwe, na asisalimiwe barabarani. Lakini," nikasema, "tuitazame picha kama picha. Namba saba imekaa upande. Kioo kina matone. Kopo la chumvi linafanya nini pale? Chuki isitufanye tukaipa jalada picha mbovu."

Maana nilijua: ikishindwa, jina halisomwi. Ikishinda, linasomwa.

"Mita anasema kweli," akasema Kinyozi. Nikamshukuru moyoni. Akainuka, akasogea hadi kwenye shuka, akaweka kidole chake pale shingoni mwa yule mtu, juu ya kola ya koti. "Mwanga tu haujakaa vizuri hapa. Lakini kisogo hiki kimenyolewa na mtu anayejua kazi. Ona huo mstari, kushoto uko juu kidogo, kwa sababu ya kovu."

Akanitazama. Amekuwa akinyoa kisogo changu kwa miaka kumi na moja. Akarudi, akakaa, akakunja mikono.

Tukapiga kura. Kanuni inakataza mtu kujipigia mwenyewe. Mama Rangi akafungua karatasi: mawingu, mbili. Namba sita, moja. Namba saba, sita.

"Namba sita imepata moja," akasema Mzee Mpimaji. "Mchinjaji amejipigia."

Hakuna aliyecheka. Mama Rangi akafungua bahasha ya majina, akasoma, akasoma tena kimoyomoyo. Halafu akalisoma kwa sauti, na vichwa saba vikageuka, havikumgeukia mke wangu. Kwanza vilinigeukia mimi.

Yeye alisimama, akanyoosha gauni. Mzee Mpimaji, nadhani alitaka kupunguza uzito, akamwambia, "Binti yangu, tueleze basi. Uliichukua vipi hii?"

"Hiyo sikuichukua, mzee," akasema. "Simu ndiyo iliyochukua. Mume wangu aliiweka dirishani mwenyewe." Ndipo akageuka akanitazama, mara ya kwanza tangu tuingie. "Mimi nimepiga tu."

Jumapili, 17 Mei

Nilimuuliza kwa nini hakunigombeza nyumbani kama watu wengine. Ningeomba msamaha, tungeyamaliza. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Uliniambia nipeleke inayouma."

Jumamosi, 23 Mei

Sikwenda chamani. Hawakunifukuza. Nimesikia hoja ilitolewa, na mke wangu akaipinga. Alisema nibaki, bado nina mengi ya kufundisha.

Jumatano, 27 Mei

Kinyozi wangu amejaa kuanzia leo mpaka sijui lini. Kiti kilikuwa kitupu, alinijibu akiwa amekikalia. Nimenyolewa mtaa wa pili. Wamenikata.

Ijumaa, 5 Juni

Mvua imekatika siku ya nne. Kwenye nyumba moja mama mwenye nyumba alisimama mlangoni muda wote nasoma mita. Nikidhani anataka kujua bili, akasema, "Kuku wangu wako bandani, baba. Soma uende."

Jumatatu, 8 Juni

Mama Rangi amegawa majalada ya mfano. Msimamizi alitimiza ahadi, msumari alikuwa ameshauandaa. Liko juu ya dirisha la wateja. Anasema hajui huyo mtu ni nani ila anafurahi koti letu limetokea.

Jumamosi, 13 Juni

Shore wamerudi kwenye mlimau. Au ni wengine. Wanabeba nyuzi, wanakwenda upande ule wenye majani, mbali na dirisha. Kutoka jikoni huwaoni tena.

Jalada jingine liko hapa nyumbani, amelitundika mbele ya kiti changu. Nilimwambia tulitoe, hata kama ni kwa ajili ya wageni. Akasema, "Wageni ndio wanaolipenda." Nikamwambia basi niache, rudi kwa kaka yako, nitaelewa. Akashangaa kweli. "Niende wapi? Kalenda bado haijaanza."

Leo asubuhi nimekuta simu imerudi kwenye kopo la chumvi. Imegeuzwa, imelipa dirisha mgongo. Inatazama meza, sahani yangu, kiti changu. Nimechungulia skrini, ni nyeusi. Nimekaa nayo tangu saa mbili, sijui kama niinuke au nisiinuke, sijui mikono niiweke wapi.

Nikamuuliza, "Inafanya kazi hiyo?"

Akasogeza kikombe karibu yangu. "Kunywa chai yako, itapoa."